"MTU MAARUFU" NI NANI?
Maana na matumizi ya neno tunalolitamka kila siku



Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Mpendwa mwanafunzi, katika toleo la mwaka huu tumeona tulichukue neno moja tu la Kiswahili tulichambue pamoja nawe. Neno hilo unalisikia redioni, unalisoma gazetini, na unalitamka mwenyewe ukiwa barazani au sokoni. Neno lenyewe ni "maarufu".

Lililotusukuma kuliandika ni hili. Siku moja baada ya darasa la jioni hapa Shanwe tuliwauliza watoto wadogo wanataka kuwa nani wakikua. Tulizoea kusikia daktari, rubani, mwalimu, askari. Safari hii watoto wanne walijibu jibu moja: "Nataka kuwa maarufu." Tukawauliza, maarufu kwa jambo gani? Watatu wakanyamaza. Wa nne akasema: "Maarufu tu, ustadhi."

Wenzao walicheka. Sisi hatukucheka. Tulirudi nyumbani tukilifikiria jibu la yule mtoto, maana "maarufu tu" ni sawa na kusema "nataka kusafiri tu" bila ya kujua unakwenda wapi. Basi tuanze na neno lenyewe, kisha tuone linatupeleka wapi.

ASILI YA NENO

"Maarufu" limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu. Mzizi wake ni herufi tatu: ayn, ra na fa. Maana ya msingi ni kujua au kutambua. Katika mzizi huo huo yametoka maneno mengine unayoyatumia kila siku: maarifa, taarifa na kuarifu. Kwa hiyo umaarufu na maarifa ni ndugu wa tumbo moja, ingawa siku hizi ndugu hawa hawatembei pamoja kila mara.

Wewe unayesoma sarfu utatambua kwamba ma'ruf ni ismu maf'ul, yaani jina la mwenye kutendewa. Kiswahili kina maneno mengi ya namna hiyo. Majeruhi ni aliyejeruhiwa. Mahabusu ni aliyefungwa. Marehemu ni aliyerehemewa, ndiyo maana tukimtaja maiti kwa neno hilo huwa tunamwombea. Basi na maarufu ni aliyejulikana.

Hapa pana jambo kubwa la kuzingatia. Majeruhi hakujijeruhi mwenyewe, na maarufu vilevile hajijui kuwa maarufu kwa nguvu zake. Wanaojua ni wengine. Umaarufu wa mtu haumo mfukoni mwake, umo vichwani na midomoni mwa watu. Leo wakikusahau, umekwisha, nawe hujabadilika hata unywele mmoja.

MAANA ALIYOIBEBA MWARABU NA MAANA TULIYOIBEBA SISI

Katika Qur'an neno ma'ruf limekuja mara nyingi, na aghlabu maana yake ni wema: jambo ambalo sheria na akili timamu zinalitambua kuwa ni zuri. Katika Surat Al-Imran aya ya 104 Allah (S.W.) anatutaka tuwe na kundi linalolingania kheri, linaloamrisha ma'ruf na kukataza munkar. Hakuna mwanafunzi wetu asiyejua kuwa maana yake ni kuamrisha mema na kukataza maovu.

Wema uliitwa "unaojulikana" kwa sababu moyo uliosalimika unapouona huutambua, kama unavyomtambua mtu wa nyumbani kwenu. Na uovu ukaitwa munkar, yaani usiotambulika, kwa sababu moyo huo huo huukataa kama mgeni asiyebisha hodi.

Kiswahili kilipolichukua neno hili kilichukua upande wa kujulikana, kikaacha upande wa wema. Sisi tukisema "maarufu" tunakusudia anayejulikana na wengi, basi. Hatujasema ni mwema wala ni mwovu. Ukilisahau jambo hili utaanza kudhani kwamba kila anayejulikana anafaa kufuatwa.

MATUMIZI YAKE KATIKA KISWAHILI

Yapo matumizi manne ambayo inafaa uyajue.

(a) Kumsifia mtu au kitu kinachojulikana na wengi. Tunasema mtu maarufu, watu maarufu, kitabu maarufu, vitabu maarufu. Angalia kuwa neno halibadiliki kwa umoja wala wingi. Ni kosa kusema "wamaarufu" kwa maana ya watu maarufu.

(b) Kutaja jina la utani au jina la mtaani. Magazeti hupenda sana mtindo huu: "fulani, maarufu kwa jina la fulani". Msanii wa Zanzibar aliyefariki Aprili 2013 jina lake lilikuwa Fatuma binti Baraka, lakini alikuwa maarufu kwa jina la Bi Kidude. Huku kwetu, mkoa wa Katavi ulipoanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, Waziri Mkuu alikuwa mwenyeji wa huku, Mizengo Pinda, aliyeshika wadhifa huo kuanzia 2008 hadi 2015. Naye alikuwa maarufu kwa jina la Mtoto wa Mkulima. Hapa neno linatuambia tu kwamba jina hilo ndilo watu walilolizoea.

(c) Kueleza sababu ya kujulikana. Hapo hufuatwa na "kwa": mji huu ni maarufu kwa jambo fulani. Hili "kwa" ndilo alilolikosa yule mtoto wetu. Mtu hawi maarufu tu. Huwa maarufu kwa jambo, na jambo hilo ndilo litakalopimwa.

(d) Jina la hali, yaani umaarufu. Tunasema amepata umaarufu, umaarufu wake umeshuka.

Waswahili pia wana namna zao za zamani za kusema hayo hayo. Husema mtu huyu "ana jina", au "jina lake limevuma". Angalia hili la kuvuma. Kinachovuma ni upepo, nyuki na ngoma. Wazee wakaona mbali wakasema: ngoma ikivuma sana, hupasuka. Wakaongeza: debe tupu haliachi kuvuma.

MASHUHURI: NENO LENYE DARASA LA HADITHI

Ndugu wa karibu wa maarufu ni mashuhuri, kutoka Kiarabu mash-hur, yaani iliyodhihirishwa na kuenea. Katika Kiswahili huyatumia watu kwa maana moja, ingawa masikioni mwetu mashuhuri lina heshima zaidi kidogo. Tunasema mwanachuoni mashuhuri, mshairi mashuhuri.

Wanafunzi wa darasa la mustalah wanalijua neno hili kwa njia nyingine. Hadithi mash-hur katika istilahi ni ile iliyopokewa na wapokezi watatu au zaidi katika kila tabaka, bila ya kufikia daraja ya mutawatir. Lakini wanavyuoni wakatanabahisha kwamba iko pia mash-hur ya ndimi za watu, yaani maneno yaliyoenea tu midomoni. Hiyo inaweza kuwa sahihi, inaweza kuwa dhaifu, na inaweza kuwa haina asili kabisa.

Mfano ni maneno yanayosemwa kuwa ni hadithi, kwamba tutafute elimu hata ikiwa China. Hakuna mtu asiyeyajua. Yameandikwa hata kwenye kuta. Lakini wanavyuoni wa hadithi walipoyapima walieleza kuwa hayathibiti kwa Mtume (S.A.W.). Imam As-Sakhawi, aliyefariki mwaka 902 Hijria (1497 Miladia), alitunga kitabu kizima, Al-Maqasid al-Hasana, kuzipima hadithi zilizoenea ndimini mwa watu.

Tazama adabu ya wanavyuoni wetu. Hawakusema: "Imeenea, basi ni kweli." Walisema: "Imeenea, basi tuipime." Ikiwa maneno hupimwa hata yakishakuwa mashuhuri, je, watu wasipimwe? Ukiambiwa kwamba fulani ana wafuasi laki ngapi kwenye simu, hujaambiwa bado kama analosema ni sahihi.

NYOTA NA STAA

Neno la tatu ni nyota. Nyota ya mbinguni iko katika ngeli yake: nyota hii, nyota hizi. Ukimkusudia mtu, lugha hubadilika: nyota huyu, nyota hawa, nyota wa soka. Filbert Bayi alikuwa nyota wa riadha alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch, New Zealand, mwaka 1974. Mbwana Samatta aliitwa nyota wa soka hata kabla ya mwaka 2020, alipokuwa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza akiwa na Aston Villa. Vijana wakachukua neno la Kiingereza wakaliswahilisha: staa, wingi wake mastaa, na aliyezidi ni supastaa.

Hatuna ugomvi na matumizi hayo. Aliyeng'ara katika kazi ya halali na akafananishwa na nyota, hiyo ni tashbihi tu. Ila yako mambo mawili ya kuyachunga.

Kwanza, nyota katika Kiswahili ina maana nyingine ya bahati. Utasikia "fulani ana nyota kali", au "nyota yake imefifia". Kutoka hapo ndipo wanapotokea wanaobandika matangazo kwenye miti na nguzo, wakidai kuwa wanasafisha nyota ili mtu apendwe, apate cheo au afaulu mtihani. Mwanafunzi wetu, jihadhari sana. Kuamini kwamba nyota inaleta riziki au inaizuia ni jambo la hatari katika tawhidi. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba baada ya mvua ya usiku pale Hudaybiya, Mtume (S.A.W.) aliwaeleza Maswahaba kuwa anayesema mvua imeletwa na nyota fulani amemkufuru Allah na ameiamini nyota. Aliyetaka kufaulu asafishe daftari lake kwa kusoma, na moyo wake kwa kuomba dua.

Pili, nyota ya angani ina kazi. Qur'an inatueleza kuwa nyota ni pambo la mbingu na ni alama za kuwaongoza wasafiri. Msafiri akiiangalia haishii kuisifu, anapata njia. Basi na wewe ukimwita mtu nyota, jiulize: ukimfuata utafika wapi?

ANAJULIKANA NA NANI?

Sasa tufike kwenye kiini cha mada yetu. Umaarufu hauna maana mpaka tujue mtu anajulikana na nani, na kwa lipi.

Chukua mfano wa Hamed bin Muhammad al-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliyefariki Zanzibar mwaka 1905. Jina lake lilivuma kutoka pwani, likapita Tabora, likafika Kongo. Kila mwanafunzi wa historia anamjua. Lakini anajulikana kwa biashara ya pembe za ndovu na ya watumwa, na jina lake haliwezi kutajwa bila ya kukumbukwa machozi ya watu.

Mchukue na Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1912 na kufariki mwaka 1982. Alikuwa Kadhi Mkuu wa Zanzibar na baadaye wa Kenya. Tafsiri yake ya Qur'an kwa Kiswahili imo katika nyumba nyingi za Waislamu wa Afrika Mashariki. Zaidi ya hapo aliandika habari za wanavyuoni waliomtangulia, ili majina yao yasipotee. Huyu alipopata jina aliwabebea na wenzake majina yao. Wote wawili ni maarufu. Neno ni moja, mizani ni mbili.

Tuingie katika Qur'an yenyewe. Katika Juzuu Amma, ambayo watoto wetu huanza nayo, yumo mtu mmoja aliyeteremshiwa sura akitajwa kwa jina lake la umaarufu: Abu Lahab. Hakuna mtoto wa madrasa asiyemjua. Anatajwa katika kila nchi, kila siku, na kila anapotajwa anatajwa kwa maangamizo. Ni maarufu mno, na umaarufu wake ni adhabu yake.

Kisha fungua Surat Yasin, aya ya 20. Yumo mtu aliyekuja mbio kutoka upande wa mbali wa mji kuwahimiza watu wake wawafuate Mitume. Anaitwa "mtu" tu, Qur'an haikututajia jina lake. Katika nahau tungesema ni nakira. Lakini Allah (S.W.) anatueleza kuwa aliambiwa aingie Peponi. Hata katika Mitume, Allah anatuambia katika Surat Ghafir aya ya 78 kuwa wako aliotusimulia habari zao na wako ambao hakutusimulia. Basi kutojulikana na watu si upungufu. Mtume wa Mwenyezi Mungu anaweza asijulikane kwetu hata kwa jina.

Na katika Hadithi, Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha mtu aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume (S.A.W.). Alipofariki watu walimzika bila ya kumjulisha Mtume, kana kwamba waliliona jambo lake dogo. Mtume akamuulizia, kisha akataka aoneshwe kaburi lake, akaenda kumswalia. Aliyeonekana mdogo mbele ya watu aliulizwa na mbora wa viumbe.

YALIYOTUFIKA SISI WENYEWE

Tuseme ukweli, maana mwalimu asiyekiri kosa hafundishi. Tulikuwa na kijana mmoja mwenye sauti nzuri sana ya qiraa. Alishinda katika mashindano ya kuhifadhi, nasi walimu tukafurahi tukapita kiasi. Tukamrekodi kwenye simu, tukasambaza. Mtaani wakamwita staa, nasi tukacheka tukamwita hivyo hivyo.

Baada ya hapo kila mwaliko alikuwa yeye. Muraja'a akawa hahudhurii, kwa sababu usiku alikuwa na safari na asubuhi alikuwa na usingizi. Tuliponyamaza tulidhani tunamheshimu. Mwaka ulipozunguka tulimketisha tumsikilize juzuu alizokuwa amezihifadhi, akakwama katika ukurasa wa pili. Alilia, na sisi pia tulilia. Tuliona kuwa watu walikuwa bado wanalijua jina lake, lakini Qur'an ilikuwa inamtoka kifuani.

Usiku ule tulikumbuka hadithi aliyoipokea Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.), ya watu watatu watakaohukumiwa mwanzo Siku ya Kiyama. Mmoja wao ni aliyejifunza elimu na kusoma Qur'an ili watu waseme kuwa ni msomaji. Ataambiwa kwamba hilo limekwisha kusemwa. Yaani malipo yake alishayapokea duniani, katika midomo ya watu.

Tunashukuru kuwa kijana yule alirudi. Aliomba asirekodiwe mpaka amalize, akaanza upya kutoka Surat An-Nas, na sasa anawasomesha wadogo alifu bee. Hatumtaji jina, naye hataki kutajwa.

JE, UMAARUFU NI HARAMU?

Hapana. Nabii Ibrahim (A.S.) alimwomba Allah ampe kutajwa kwa wema na watakaokuja baadaye, kama ilivyo katika Surat Ash-Shu'ara aya ya 84. Na Abu Dharr (R.A.) amepokea kuwa Mtume (S.A.W.) aliulizwa juu ya mtu anayefanya kheri kisha watu wakamsifu, akajibu kuwa hiyo ni bishara ya mapema kwa Muumini. Tofauti iko mahali mtu alipouweka umaarufu. Kuna anayefanya kazi, jina likamfuata nyuma. Na kuna anayelikimbilia jina, kazi ikabaki nyuma. Huyu wa pili ndiye vijana wanayemwita mtafuta kiki.

Jipime kwa maswali matatu. Je, jambo hili ningelifanya hata kama hakuna anayeniona? Je, mwenzangu akilifanya vizuri kuliko mimi, nafurahi au naumia? Je, sifa zinaniongezea bidii au usingizi? Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

HITIMISHO

Mpendwa mwanafunzi, neno ma'ruf kinyume chake ni munkar, na mzizi wa munkar ni nun, kaf na ra. Katika mzizi huo yametoka majina ya Malaika wawili tunaofundishwa kuwa watatujia kaburini: Munkar na Nakir. Pale hapana redio, gazeti wala simu. Mtu aliyejulikana na nchi nzima atakuwa peke yake, na hataulizwa wangapi walimjua. Ataulizwa yeye amemjua nani: Mola wako nani, dini yako ipi, Mtume wako nani?

Basi kwa yule mtoto aliyetujibu "maarufu tu", jibu letu ni hili: mwanangu, malizia sentensi. Sema "maarufu kwa..." kisha uchague neno ambalo hutalionea haya siku hiyo.

Wabillahi tawfiq.

MASWALI YA KUJIPIMA
1. Taja maneno matatu ya Kiswahili yenye mzizi mmoja na "maarufu".
2. Kuna tofauti gani kati ya maana ya ma'ruf katika Qur'an na "maarufu" katika Kiswahili?
3. Kwa nini si kila hadithi iliyo mashuhuri ndimini mwa watu huwa sahihi? Toa mfano.
4. Sahihisha: "Nyota hii wa soka amefunga mabao mawili."
5. Mtaje, kwa moyo wako tu bila ya kuandika, mtu mmoja wa mtaani kwenu asiyejulikana na wengi ambaye wema wake umekufikia. Umeshawahi kumshukuru?